Giaboksi Iliyoamuliwa Columbus

Mwezi uliopita, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja mjini Louisville, nilisikia habari isiyo ya kweli ikisemwa kwa kipaza sauti, nami nimeshika sahani ya wali na kuku. Tulikuwa tumetoka kumzika shemeji yangu Bonifasi, kaka wa mke wangu, na msemaji wa familia alikuwa akiyataja mema yake. Mengi aliyoyataja yalikuwa kweli, na niliitikia kwa kichwa kama wengine. Kisha akafika kwa binti yangu Riziki. Akasema kuwa Bonifasi ndiye aliyemchagulia Riziki giaboksi ya bunduki yake ya mchezo, ile inayobadilishwa springi upesi, wakati ambapo hapakuwa na mtu mwingine aliyejua faida yake, na kwamba alifanya hivyo kama baba, "kwa sababu njo alikuwa baba yake," yaani ndiye, kwa Kiswahili cha Kongo. Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Baba yake Riziki nilikuwa nimekaa palepale, mstari wa pili, mzima wa afya, na paja la kuku mkononi.

Msibani hapasahihishwi mtu. Adabu hiyo naijua, kwa hiyo nilikula wali wangu nikanyamaza. Lakini nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo mjini Kigoma hadi nilipostaafu, na katika utumishi wangu wote sikuwahi kuruhusu jiwe la mizani lililopungua lirudi sokoni kwa sababu mwenye duka amefiwa. Pole nilimpa, na jiwe nililichukua. Nakusudia kufanya vivyo hivyo katika sura hii.

Mwaka ninaouzungumzia ni mwaka wangu wa kwanza Buffalo. Jinsi Riziki alivyotangulia Marekani akiwa mtoto, pamoja na nyumba ya mjomba wake, na jinsi mimi na mama yake tulivyomfuata baadaye na kumkuta mtu mzima mwenye gari na funguo za nyumba, si habari ya leo. Watu wakiandika juu ya mwaka uliowaumba huandika ujana wao. Mimi nilifinyangwa upya nikiwa na pensheni. Nilifika katika nyumba ya binti yangu, mtaa wa Riverside, nyumba ya mbao inayotoa sauti kila upepo wa mto Niagara unapoigonga, nikaonyeshwa chumba changu, taulo langu na swichi ya taa. Nilikuwa mgeni mheshimiwa wa mtu niliyemzaa. Alinijibu kwa Kiingereza nilipomwuliza kwa Kiswahili, akanipikia vizuri, akaniuliza kama nasikia baridi. Lakini alipotaka ushauri, alichukua simu akapiga Louisville. Nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni: "Mjomba, unaonaje?" Aliuliza kuhusu tairi, kuhusu mkataba wa nyumba, hata kuhusu jino. Mkaguzi mstaafu amekaa hatua chache tu kutoka hapo, anasikiliza.

Bunduki niliiona nilipoteremka chini ya nyumba kutafuta sabuni ya kufulia. Ilikuwa juu ya meza, kando ya mashine, imefunguliwa matumbo. Nilisimama pale na kikapu cha nguo mpaka Riziki akashuka ngazi.

"Hii ni nini?"

"Airsoft, Dedi. Inarusha vidonge vya plastiki. Ni mchezo tu."

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana hashuki huku."

Nilikasirika, na sitaki nieleweke vibaya: nilikuwa na haki ya kukasirika. Mke wangu ni mtu wa Fizi, Kongo, aliyekimbia vita. Akisikia mlango umebamizwa, hutafuta ukuta wa kuegemea. Nikamwambia Riziki kwamba watu hawavuki ziwa na bahari kukimbia kitu, halafu mtoto wao akakiweka kando ya mashine ya kufulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, nusu kwa Kiingereza, kwamba kule boharini anakofanya kazi yeye ni mkono unaoshika skana, na wasimamizi humwita kwa jina la mtu mwingine kwa sababu wote wawili wanasuka nywele. "Kule uwanjani, Dedi, mimi ndiye kapteni. Nisipofika, hawaanzi." Nikamwambia nitakwenda kukagua mwenyewe.

Nilikwenda. Uwanja wenyewe ni kiwanda kilichofungwa upande wa mashariki wa mji, kimejazwa vibanda vya mbao na mapipa. Na lazima niseme ukweli: nilipofika mlangoni hasira yangu ilipata mshindani. Pale mlangoni palikuwa na refa na kipima-kasi, na kila bunduki ilipigwa mbele ya kifaa hicho kabla ya kuingia. Ndani ya jengo, mwisho ulikuwa futi mia tatu na hamsini kwa sekunde. Anayezidisha, haingii ndani. Hata awe nani, hata aje na machozi. Tangu nitue katika nchi hii sikuwa nimeona mahali palipofuata akili niliyoizoea. Niliomba kiti, nikakaa karibu na refa hadi mchezo ulipokwisha.

Ndivyo nilivyojifunza habari za giaboksi. Ni kijisanduku cha chuma kilicho katikati ya bunduki, chenye gia tatu zinazozungushwa na mota. Gia huvuta pistoni nyuma, pistoni hukandamiza springi, springi ikiachiwa husukuma hewa, na hewa hurusha kidonge. Springi ngumu, kasi kubwa; springi laini, kasi ndogo. Sasa, Riziki alicheza majira ya baridi ndani ya kiwanda, na majira ya joto alicheza porini nje ya Columbus pamoja na binamu zake wa Louisville, ambako mwisho ulikuwa futi mia nne na masafa ni marefu. Alihitaji springi mbili. Katika giaboksi ya kawaida, kubadili springi ni kufungua bunduki yote, kisha kufungua giaboksi yenyewe, kisha kuomba Mungu. Lakini ipo aina ambayo springi hutolewa kwa nyuma: unaingiza bisibisi, unasukuma, unazungusha kidogo, springi inatoka pamoja na nguzo yake, unaweka nyingine. Gia hazijui hata kama pamefanyika jambo. Giaboksi ya Riziki, ya aina ya kawaida, ilikuwa imevunjika meno ya gia na mwili wake kuingia ufa. Ilibidi apate nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, aliniuliza mimi. "Dedi, wewe ungechagua ipi?"

Kwa siku nyingi nilifanya kazi hiyo kama nilivyofanya kazi ya serikali. Tulizunguka maduka na Riziki, nikashika kila kijisanduku mkononi. Niligundua kwamba maneno ya kwenye sanduku hayatoshi. Bunduki nyingine zimeandikwa kuwa springi zake hubadilishwa upesi, kumbe bomba la kitako limeziba nyuma, na bisibisi haifiki mpaka kitako chote kiondolewe. "Tundu liko wapi?" nilimwuliza muuzaji. Akaniambia hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Nikamwambia ndiyo maana anauza. Hatimaye tulipata moja yenye mwili mnene kwenye kona ambako pistoni hugonga, inayoingia katika bunduki ya Riziki bila kukwanguliwa, na bomba la kitako lenye tundu lililonyooka. Nilimwonyesha. Alicheka, akasema kwa Kiswahili, "Basi hii."

Mambo yangeishia hapo kama Bonifasi asingesikia. Alikuwa ameahidi zamani kumpa Riziki zawadi siku atakapopewa ukapteni, na aliposikia kuna kitu kinatafutwa, akatangaza kwamba zawadi ni hiyo, na kwamba ataichagua yeye, na kwamba jambo la ukoo linakwenda kwenye kikao. Kwa upande wa mke wangu kila jambo zito hufanyiwa kikao mjini Columbus, nyumbani kwa binamu yao Mama Deo, kwa sababu Columbus iko katikati ya Louisville na Buffalo, wala hakuna upande unaojiita mwenyeji. Ndoa hufungwa huko, ugomvi hufunguliwa huko. Na kilichoamuliwa kikaoni hakitenguliwi ila kikaoni.

Tulikwenda wakati wa Pasaka. Sebule ya Mama Deo ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na televisheni imewashwa bila sauti. Wanaume walikaa makochini, Riziki akakalia kiti cha plastiki karibu na mlango kana kwamba ni mshtakiwa. Jikoni sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa motoni, na mazungumzo ya wanawake yalitufikia yote.

"Banafanya kikao ya bunduki, Yesu wangu."

"Acha bafanye. Harusi tulimaliza siku mbili. Bunduki itamaliza ngapi?"

"Bwana ya dada yako anakuya na bisibisi mu mfuko. Angalia asipime sombe yetu."

Wakacheka mpaka mfuniko ukaanguka. Mke wangu alicheka nao, nilimsikia.

Bonifasi aliomba sala, akafungua kikao, akajiteua mwenyekiti. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kufurahisha, aliyefanya kazi kiwandani huku miguu yote miwili ikimuuma na hakuwahi kulalamika. Hilo pia ni kweli na nalitaja. Nilitoa maelezo yangu nikiwa nimesimama. Nilionyesha vijisanduku viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha kubadili upesi, ambavyo mwenzake Riziki alituazima. Nilitoa springi mbele yao na kuirudisha kabla mtoto wa Mama Deo hajamaliza kumwaga soda. Wazee wawili wakasema, "Ee!"

Bonifasi akakishika kijisanduku changu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki wa juzi.

"Bon, shemeji. Umesema muzuri, umesema kizungu ya bureau. Donc, hii kintu inafunguka nyuma?" aliuliza, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake.

"Inafunguka kwa nyuma, shemeji."

"Njo minauliza. Kintu ya kufunguka-funguka, haitalegea? Mulango ya kufungua kila siku, njo bawaba yake inaanza kulia." Watu wakacheka. "Miye nasema achukue ile ya kufungwa. Na ndani batie springi ya nguvu kabisa. Ile ya mwisho."

"Springi ya mwisho itapita kipimo cha Buffalo," nilisema. "Atakataliwa mlangoni."

"Atakataliwa leo. Kesho atazoea. Monsieur Mukaguzi, nikuambie kintu." Hapo aliinama mbele, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Huyu mutoto, siku tulifika, miye njo nilimununulia viatu. Nilinunua kubwa. Nilitia magazeti mbele. Batu banacheka. Magazeti nikatoa moja, nikatoa ingine, mutoto akaenea mu viatu. Weye hukukuwa."

Nilisema kwamba springi haikui na mtoto, kwamba kipimo ni kipimo, kwamba hoja ya viatu haihusiani na chuma. Kila neno nililosema lilikuwa sahihi, na hakuna aliyelisikiliza, kwa sababu kila mtu katika chumba kile aliwahi kuvalishwa viatu vyenye magazeti. Mwenyekiti aliuliza kama wote wamekubali. Wote wakakubali. Riziki aliulizwa. Alitazama zulia, akasema, "Asante, mjomba." Tukala sombe na bugali. Sikumbuki ladha yake, nami ni mtu anayekumbuka vyakula.

Yaliyofuata yalikuwa kama nilivyosema. Giaboksi ya Bonifasi ilifika, nzito, imefungwa skrubu pande zote, na springi ndani yake ngumu kama mhimili wa lori. Jumamosi ya kwanza refa aliipima, akaipima tena, akafunga utepe mwekundu kwenye mtutu. Timu iliingia bila kapteni. Wapinzani wao, ambao ni watu wa bohari hilohilo, walianza kumwita mdanganyifu. Jumatatu mmoja alimpigia king'ora cha polisi kwa mdomo alipopita na kitoroli. Binti yangu, aliyelelewa kwa unyofu, mdanganyifu! Na aliyempa sifa hiyo alikuwa Louisville, anakula vizuri, hajui.

Tulijaribu kuibadili springi wenyewe, Jumapili moja baada ya ibada, juu ya meza ya kulia. Nilifungua skrubu ya mwisho taratibu sana. Kijisanduku kikafunuka, springi ikaruka, gia zikaruka, na vile vijisahani vyembamba vinavyowekwa chini ya gia vikatawanyika jikoni kama mchele wa harusi. Mimi na Riziki tulipiga magoti, kichwa changu chini ya friji, chake chini ya jiko. Mke wangu aliingia, akatuona, akasema jina la Bwana. Kisha akainama kwenye kikaango chake cha ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akatoa kijisahani kimoja kwa ncha ya uma, akakipangusa kwa kanga yake.

"Hiki si chenu?"

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kugusa kitu cha bunduki ile. Vilivyobaki tulivipata vyote isipokuwa kimoja, na bunduki ilipofungwa tena ililia kama paka. Nilimwambia Riziki aitupe, tuchukue ile niliyoichagua. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati.

"Siwezi, Dedi. Ni ya mjomba. Kikao kiliamua."

"Kikao kilikosea!"

"Najua. Siwezi."

Nilimpigia Bonifasi nikaomba kikao cha pili. Alisema wazee hawaitwi mara mbili kwa kintu ya plastiki. Majira ya joto yakaja, Riziki akapeleka gia kwa fundi, akacheza porini Columbus kwa springi ileile, chini ya futi mia nne bila matatizo, na timu ya binamu ikashinda. Bonifasi alisimama pembeni na kofia ya majani, akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya kamba: "Si unaona, Monsieur Mukaguzi!" Nilimjibu kwamba saa iliyosimama nayo hupatia mara mbili kwa siku. Alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa anafurahia, mimi sikuwa.

Vuli ilipoingia na utepe mwekundu ukarudi kwenye mtutu, niliinunua ile giaboksi mwenyewe, nikapanda basi kwenda Louisville. Basi lilisimama Columbus, nikanywa chai kituoni, na sikumpigia Mama Deo simu, kwa sababu safari hii sikutaka mtu wa katikati. Bonifasi alinipokea kwa fulana, akanikalisha karibu na hita, mke wake akaleta chai ya maziwa na mikate. Niliweka giaboksi mezani. Nikasema: shemeji, wewe ndiye mwenyekiti, wewe ndiye mjomba, mtoto hawezi kuifunga bila neno lako. Tengua.

"Umepanda basi kutoka Buffalo kwa hii?"

"Kwa Riziki."

Hakuishika. Aliangalia televisheni, akaniuliza kama mto wetu umeanza kuganda, akanisimulia habari za goti lake. Nilipoaga alisema tu, "Acha hapo, nitaona." Nilirudi usiku kucha nimekaa wima kwa hasira. Haukupita muda Riziki aliipokea kwa posta, akaifunga, akabadili springi mlangoni mbele ya refa, akapimwa, akaingia. Utepe haukurudi tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, na kipima-kasi nilikisoma kwa macho yangu.

Lakini Krismasi, mbele ya ukoo mzima, Bonifasi aliishika ile bunduki juu, akatoa springi, akairudisha, akasema, "Miye nilimwambia afungie hii." Maneno hayo, moja moja, yalikuwa kweli. Kwa pamoja yalinifuta. Nilingoja aongeze sentensi moja. Alikaa, akaomba pilipili. Tangu siku hiyo habari ilisafiri hivyo, mpaka ikafika kwenye kipaza sauti cha msiba.

Haya yote nilimweleza Riziki mwezi uliopita, tulipokuwa tukirudi kutoka mazishini, yeye akiendesha, mama yake amelala kiti cha nyuma. Nilieleza kwa sauti ya juu, nakiri hivyo. Tulikuwa tumeipita Columbus. Alipunguza mwendo.

"Jioni uliyotoka kwake alinipigia."

"Nani?"

"Mjomba. Ulikuwa bado kwenye basi." Na hapo binti yangu, anayenijibu kwa Kiingereza, aliongea kwa sauti ya Bonifasi, ileile pana, hata pumzi zake: "Riziki, baba yako ameleta kintu. Iko muzuri kabisa. Nitakutumia, fungia. Lakini usimwambie kama nimesema iko muzuri. Bon, ule mwanaume atatupima siye bote."

Nilimwuliza aliwezaje kunificha jambo kama hilo miaka yote hii. Akasema mjomba ndiye aliyesema asiniambie. Nikamwuliza ni kikao gani kilichoamua hivyo. Mama yake akacheka kule nyuma; kumbe hakuwa amelala. Mimi sikucheka. Namba yangu ya simu mtu yule alikuwa nayo, alikuwa na mdomo, alikuwa na Krismasi ngapi.

"Alisema 'baba yako'," nilisema, "au alisema 'Monsieur Mukaguzi'?"

"Alisema 'baba yako', Dedi."

Nikamwambia aegeshe gari pembeni, azime redio, na ayarudie maneno yale tangu mwanzo, polepole, bila kuruka hata moja.